Je, wajua? Ile mikanda myeusi kwenye DVD haikati picha, ndiyo inaizuia isikatwe

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kubonyeza zuumu. Naweka DVD kwenye deki, naona mkanda mweusi juu na mwingine chini, nashika rimoti, picha inajaa kioo kizima, roho inatulia. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ile mikanda imebandikwa juu ya filamu, yaani kuna vichwa na miguu ya watu imefichwa pale nyuma, na mimi nimenunua TV kubwa ili nioneshwe kipande. Nilibishana na binamu yangu juu ya hili mpaka chai ikapoa. Sasa kukosea ni jambo moja, mimi nilikosea kinyumenyume: kila nilipobonyeza zuumu ili nione filamu yote, ndiyo nilikuwa naikata.

Iliyonifumbua macho ni Oh! What a Lovely War, toleo la DVD la wakusanyaji lililotolewa na Paramount mwaka 2006, jamaa mmoja aliniletea toka nje. Kwa ufupi tu: ni filamu ya Uingereza ya mwaka 1969, ya kwanza kuongozwa na Richard Attenborough, imetokana na mchezo wa jukwaani wa Joan Littlewood na kundi lake wa mwaka 1963, na inaisema Vita Kuu ya Kwanza kwa nyimbo na kejeli. Vita inaanza kama maonyesho ya ufukweni pale Brighton, Jenerali Haig wa jeshi la Uingereza anauza tiketi, familia ya akina Smith inaingia na watoto wake wa kiume. Idadi ya waliokufa inaandikwa kwenye ubao wa matokeo, ule wa kriketi. Nyimbo zenyewe ni za askari wa enzi hizo, walichukua tuni za kanisani wakatia maneno yao, kuna moja ukiisikia utadhani umekosea filamu maana tuni ni ileile ya Yesu Kwetu ni Rafiki, ila maneno ni ya askari anayehesabu siku hii vita mbaya iishe avue magwanda. (Vita hiyohiyo ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ila filamu yenyewe iko Ulaya muda wote.)

Turudi kwenye mikanda. Filamu hii ilipigwa kwa lenzi za Panavision, picha yake ni pana sana: kwa kila sentimita 100 za kimo kuna sentimita 235 za upana. TV za zamani, zile zenye kisogo, upana wao ulikuwa kama 133 kwa 100. Chukulia una kanga mpya na fremu ya kioo ambayo ni nyembamba kuliko kanga. Una njia mbili. Ya kwanza, unaikunja kanga pembeni mpaka kimo kienee fremu, fremu imejaa vizuri, ila pindo la kushoto na la kulia limeondoka, na jina lenyewe linasomeka katikati tu, mgeni hajui unamsema nani. Ya pili, unapiga picha ya kanga nzima, unaiprinti ndogo iingie yote kwenye fremu, na juu na chini panabaki nafasi tupu. Ile nafasi tupu ndiyo mkanda mweusi. Nyuma yake hakuna kitu! Hakuna kichwa cha mtu kilichofichwa pale.

Njia ya kwanza ndiyo iliyotumika sana kwenye kanda za video. Fundi alikaa na filamu anachagua kila saa kipande gani kibaki, watu wawili wakiongea kila mmoja pembeni yake inabidi amtoe mmoja au arukeruke kati yao. Ukipiga hesabu, 133 gawa kwa 235, unabaki na asilimia kama 57 ya picha. Asilimia 43 imeenda. Mwanzoni mwa filamu wakuu wa Ulaya wanakutana kwenye ukumbi ambao sakafu yake ni ramani kubwa ya bara lao, sasa ukikata karibu nusu ya upana pale kuna nchi itaondoka kabla haijatangaza vita.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni jinsi upana wote ule ulivyoingia kwenye utepe wa milimita 35, maana kila picha kwenye utepe siyo pana hivyo. Chukua mpira wa kiunoni wa suruali, uvute mpaka mwisho, uandike jina lako juu yake kwa kalamu, kisha uachie. Herufi zinakuwa nyembamba ndefu kama mianzi, ila hakuna iliyopotea. Ukiuvuta tena zinarudi sawa. Lenzi ya kamera ndiyo inayouachia mpira, inabana upana mara mbili bila kugusa kimo, na lenzi ya projekta ya sinema ndiyo inayouvuta tena. Katikati, kwenye utepe, mwigizaji Laurence Olivier na wenzake wote wamekonda kama vijiti.

Angalizo, maana nisije nikawa mbishi upande wa pili. Siyo filamu zote ziko hivi. Zipo zilizopigwa kwa lenzi za kawaida na utepe ukabeba picha ya juu na ya chini ambayo sinema iliifunika makusudi, na hizo toleo la kujaa kioo linaweza kweli kukuonesha zaidi, wakati mwingine hata maiki ya juu inaonekana. Kwa hiyo lile wazo langu la zamani lina filamu zake. Hii tu siyo mojawapo.

Na TV bapa za siku hizi? Zina 178 kwa 100, bado hazijafika 235. Kioo cha upana wa sentimita mia kitabaki na mkanda wa karibu sentimita 7 juu na 7 chini, na ukibonyeza zuumu unatupa kama asilimia 24.

Nilimjaribia binamu kwenye shoti ya mwisho. Wanawake wa familia ya Smith wako kwenye majani wamevaa meupe, kamera iko kwenye helikopta inapanda, na misalaba myeupe inazidi kuingia pande zote mpaka kilima kizima kinajaa, maelfu. Nikamwonesha nzima, nikarudisha nyuma, nikapiga zuumu. Akaangalia kwa makini, akasema mbona bado ni mingi tu. Ni kweli, bado ni mingi, na ndiyo maana miaka yote ile sikuwahi kugundua.