Sanaa za Maonyesho Chuoni Si Kuigiza Tu

Wengi huamini kwamba kozi ya sanaa za maonyesho ni kuimba, kucheza na kuigiza tu, hivyo mwenye kipaji hana cha kujifunza chuoni. Imani hiyo inaeleweka, maana mtazamaji huwaona walio jukwaani peke yao.

Kwa kawaida mwanafunzi husoma pia historia ya tamthilia, uandishi, uongozaji, usimamizi wa jukwaa na taa. Chukua taa. Ukimmulika mwigizaji kwa taa moja kutoka mbele, uso huonekana bapa. Ukiitundika juu ya utosi, macho humezwa na kivuli. Ndiyo maana hufundishwa kutundika mbili mbele, moja kila upande, kwa nyuzi 45 hivi, moja ya rangi ya joto, kama manjano, na nyingine ya baridi, kama buluu. Sauti nayo: anayeisukuma kwa koo hukaukiwa sauti kabla onyesho halijaisha, kwa hiyo mazoezi huanza na pumzi ya tumboni.

Kabla ya kulipa ada, omba mtaala unaoonyesha saa za vitendo kila muhula. Kisha katazame onyesho la wanafunzi na uulize nani kawasha taa, nani kashona mavazi. Ukiambiwa ni mafundi wa kukodi, uliza wanafunzi hujifunza lini kazi hizo.