Kiwanja cha "makazi na biashara" Mtwara: bei ya hoteli haipo hapo

Mama mmoja wa upande wa Mangamba aliniita nimthaminie kiwanja chake cha kando ya barabara: mita za mraba 2,400, hakijaendelezwa, kina mikorosho mitatu tu. Nilimwamkia, na hata kukaa sijakaa akaniambia, "Mwanangu, mchoro wa mipango miji unasema makazi na biashara. Hapa ni hoteli ya ghorofa tatu. Andika bei ya hoteli."

Simlaumu. Ruhusa ikiwa pana, kila mwenye kiwanja huiona ile ya juu kabisa. Lakini mthamini anatafuta matumizi bora zaidi, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu, ardhi inayabeba, soko linayalipia, na yakishindanishwa na mengine ndiyo yanayoiachia ardhi fedha nyingi.

Kwenye sheria mimi huanza na hati, mchoro baadaye. Hati ya mama ilikuwa ya zamani, imeandikwa makazi peke yake. Mchoro mpya haubadilishi hati ya mtu. Lazima aombe mabadiliko ya matumizi Manispaa, na muda na gharama za maombi hayo nazitoa kwenye thamani. Angekuwa ufukweni, Shangani au Mikindani, ningepima kwanza mita 60 kutoka baharini, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu humo. Nimeona watu wakilipia eneo lote kumbe nusu yake ni la kutazama bahari tu.

Ardhi yenyewe haikuwa na tatizo: tambarare, umeme uko jirani, kina upana mzuri barabarani.

Kazi ilikuwa kwenye hesabu. Nachukua thamani ya mradi ukishakamilika, natoa gharama za ujenzi, ada, riba na faida ya mjenzi. Kinachobaki ndiyo thamani ya ardhi. Tuseme, kwa tarakimu za mfano, hoteli ikikamilika ina thamani ya milioni 900 na kuikamilisha kunakula milioni 950. Ardhi imebaki na hasi 50. Kukigawa viwanja vinne na kuviuza, ukishalipa upimaji, kunaacha milioni 30. Fremu sita za maduka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma: milioni 210 toa 165, zinabaki 45. Jengo dogo limeishinda hoteli, na hapo mita za mbele zinabeba karibu biashara yote. Ndiyo maana sipendi kuzidisha bei moja kwa eneo zima: anayenunua kipande cha nyuma hanunui barabara.

"Na gesi je?" akauliza. Swali hilo naulizwa Mtwara na Lindi kote. Baada ya ugunduzi wa gesi ya bahari kuu kuanza 2010, nyumba za wageni ziliota hapa kama uyoga. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika 2015, wageni wa mradi wakafungasha, vyumba vikabaki na mapazia. Kiwanda cha kusindika gesi kinachopangwa Likong'o, Lindi, nakitaja kwenye ripoti kama matarajio, ila sikiingizi kwenye kodi ya chumba cha leo. Kodi ya leo inalipwa na wafanyakazi, wanafunzi na fedha za korosho, na fremu zinajulikana: msimu wa minada zinachangamka, masika wapangaji wanaanza kupiga chenga.

Mama aliinamia karatasi muda mrefu. Kisha akataka kujua mikorosho yake mitatu nimeiandika wapi. Nikamweleza kwamba kwenye fidia, serikali ikitwaa ardhi, ingehesabiwa mti kwa mti, lakini anayenunua ili ajenge fremu anaiona kama gharama ya kuing'oa. Hilo lilimuudhi kuliko la hoteli.