Viputo havitoshi kuwa ushahidi

Juzi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mama ninayenunua dagaa kwake alinisogezea mafungu mawili. "Mwalimu, hebu niambie. Hawa wamekauka. Na hawa wamekuwaje?" Fungu la kwanza lilikuwa linang'aa kama fedha. La pili lilianikwa wiki ya mvua: rangi imeshageuka manjano ya kukolea, na nilipotafuna mmoja, uchungu ukanikaa kooni mpaka nyumbani.

Nafundisha kemia, na sijapata mfano mzuri kuliko huo wa kutenganisha badiliko la kawaida, kitu kikibaki kilekile, na badiliko la kikemikali, linalozaa kitu kipya. Dagaa wa kwanza, kikubwa walichopoteza ni maji. Waloweke, maji yanarudi. Wa pili, mafuta yao yameungana na oksijeni ya hewani yakazaa vitu vingine, vyenye harufu na ladha yake. Hao hata uwaloweke usiku kucha, uchungu hautoki.

Dalili za badiliko la kikemikali wanafunzi wanazikariri kama sala: rangi kugeuka, gesi kutoka, mashapo, joto au mwanga, harufu mpya. Sawa, ila kila dalili ina pacha wake mwongo. Chukua viputo. Bandika maji ya ziwa jikoni. Vile vidogo vinavyoganda mapema pembeni mwa sufuria ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Vikubwa vya baadaye ni mvuke, yaani maji yaleyale (na huku kwetu, mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, msisubiri 100). Sasa okota ganda la konokono ufukweni, lidumbukize kwenye siki. Viputo tena! Lakini hivi, ukivipitisha kwenye maji ya chokaa, maji yanakuwa meupe kama maziwa. Hiyo ni kaboni dayoksaidi. Kabla ya hapo hapakuwa na gesi, si kwenye siki wala kwenye ganda, na ganda lenyewe linazidi kuliwa.

Mashapo nayo ni hivyohivyo. Chota ndoo mbili za maji ya tope. Moja iache itulie. Tope litashuka kwa uzito wake, basi. Nyingine itie shabu kidogo, koroga, kisha inama uangalie kwa karibu: vinatokea vinyuzi laini kama pamba, vinakusanya tope na kuzama nalo. Pamba ile ni alumini haidroksaidi, imezaliwa humo humo ndooni. Asubuhi ndoo zote mbili zina tope chini, na ambaye hakuona ya usiku atasema ni kitu kimoja.

Mama wa dagaa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema fungu la pili atawapelekea wenye kuku. Nikamwambia mafuta ya namna ile yanaharibu vitamini E hata kwenye chakula cha kuku.

"Kumbe na kuku wana mwalimu wao," akajibu, akinifungia fungu la kwanza.