Kutiana moyo: maana yake kwa Mkristo katika siku za kawaida

Kiswahili kinausema moyo kwa namna yake. Aliyeshindwa amevunjika moyo, aliyejikaza amepiga moyo konde, na anayemsogelea mwenzake ili asikate tamaa anamtia moyo. Kutia ni kazi ya mkono: tunatia chumvi mchuzini, tunatia maji mtungini. Kwa hiyo kabla hata hatujafungua Biblia, lugha imeshatuambia kwamba moyo wa mtu hupungua, na kwamba yupo mwingine anayeweza kuja kuujaza.

Katika Agano Jipya, nyuma ya neno hili kuna kitenzi cha Kigiriki, parakaleo. Kimeundwa kwa sehemu mbili, "kando" na "kuita", na maana yake ya msingi ni kumwita mtu aje kando yako. Kiswahili hakikupata neno moja la kukitosheleza, basi watafsiri wakakigawa: hapa kusihi, pale kufariji, kwingine kuonya. Mzizi huohuo ndio uliotoa jina ambalo Yesu anamwita Roho Mtakatifu katika Yohana 14, nasi tunasoma "Msaidizi". Nikilijua hilo, nasoma tofauti kabisa. Anayemtia mwenzake moyo anafanya kwa udogo wake kile ambacho Roho wa Mungu anafanya: anakuja kando.

Neno "kuonya" limetuletea shida kidogo. Waebrania 3:13, katika tafsiri ambayo wengi wetu tumekua nayo, inasema "mwonyane kila siku, maadamu iitwapo leo". Kwa sikio la leo, onyo ni la polisi au la mwajiri, barua yenye muhuri. Ndiyo maana wapo wanaoutumia mstari huo kukaripia watu. Kumbe kitenzi cha pale ni kilekile cha kuitana kando. Mwandishi anazungumza na waumini waliochoka, ambao mioyo yao ilikuwa inaanza kuwa migumu, na dawa anayowapa ni wao kwa wao, kila siku. Hakusema kila Jumapili.

Tazama pia hiyo "-ana" mwishoni: kutiana, kufarijiana, kuonyana, kuchukuliana mizigo. Kigiriki kinahitaji neno la pekee kusema "ninyi kwa ninyi". Kiswahili kinalibeba ndani ya kitenzi chenyewe. Nalipenda sana jambo hili. "Kutia moyo" kunaweza kuwa kazi ya mchungaji peke yake, amesimama mimbarini na watu wamekaa. "Kutiana" hakuwezekani hivyo. Lazima aliyetiwa leo awe mtiaji kesho, na lazima mtiaji naye akubali kuwa na siku ambayo moyo wake umeisha.

Mtu wa kumtazama ni Barnaba. Jina lake la kuzaliwa ni Yusufu, Mlawi wa Kipro. Barnaba ni jina walilompa mitume, na Matendo 4:36 inalifasiri kuwa Mwana wa faraja. Ukifuatilia habari zake utashangaa jinsi hotuba zake zilivyo chache. Anauza shamba na kuleta fedha. Sauli, ndiye Paulo, anapofika Yerusalemu na wanafunzi wote wanamwogopa, maana jana tu alikuwa akiwatesa, Barnaba ndiye anayemchukua na kumpeleka kwa mitume. Baadaye anasafiri mpaka Tarso kumtafuta, anamleta Antiokia, na wanafundisha pamoja mwaka mzima. Kisha kuna kijana Yohana Marko, aliyewaacha njiani katika safari ya kwanza. Paulo hataki kumchukua tena, Barnaba anataka. Wanagombana mpaka wanatengana, na Barnaba anaondoka na Marko kwenda Kipro. Kumtia mtu moyo kulimgharimu shamba, kukamgharimu safari, mwishowe kukamgharimu rafiki.

Kwa hiyo kutiana moyo si sawa na maneno matamu. Si hamasa ya "unaweza, amini tu", maana hamasa inamrudisha mtu kwenye nguvu zake mwenyewe, na mara nyingi hizo ndizo zilizomwishia. Wala si kumwambia mfiwa kwa haraka kwamba Mungu ana makusudi yake, halafu ukaaga. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri sana mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, hadi Ayubu akawaambia kuwa faraja yao ni taabu.

Historia ya kanisa ina mfano mmoja ambao nadhani unatufaa zama hizi za simu. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa pale, aliwapa waumini neno fupi la Biblia la kwenda nalo kesho yake. Desturi ikashika. Kila siku neno likapelekwa nyumba kwa nyumba, na kijiji kilikuwa na nyumba 32. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakaanza kuchapwa, na hadi leo yanachapwa. Wamoravian hao ndio waliofika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891. Ninachokipenda hapo ni yule mtu wa kupeleka. Aliyebeba neno alibisha mlango, akaona nani anaumwa, nani amenuna, nani hajapika. Leo mstari unaweza kufika kwa watu 200 kabla jua halijachomoza, na ni jambo jema, nami huwatumia wenzangu. Lakini mstari uliosambazwa haujui kama jiko lako limewaka.

Kwetu, kazi hiyo ya kubisha mlango imebebwa na jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, na Walutheri wengi wa Tanzania nao wanasali mitaani kwa jumuiya. Familia chache za majirani hukutana sebuleni kwa mmoja wao, au uani kama sebule ni finyu. Mnaimba, mnasoma Injili, kila mmoja anasema alichosikia, mnaombeana kwa majina. Halafu inakuja sehemu ambayo mgeni angedhani ni matangazo tu: mama fulani amelazwa, mtoto wa fulani hajarudi shule kwa sababu ya ada, mzee fulani hajaonekana wiki mbili. Mimi naona hapo ndipo ibada inapokolea.

Nilijifunza maana ya neno hili mwaka nilipokosa kazi. Nilikuwa nimeacha kwenda jumuiya kwa aibu ya kutokuwa na sadaka. Alhamisi moja mama wa nyumba ya pili alikuja na ungo wa maharage, akakaa kibarazani, akaniambia, "Mwanangu, nisaidie kuchambua, macho yangu hayaoni vizuri." Tukachambua. Hakuniuliza kitu. Alipoinuka akasema, "Jumamosi tunasali kwangu, nitakuwekea kiti." Maharage aliniachia nusu. Jumamosi nilienda, na kiti kilikuwapo.

Paulo naye alifika siku ambayo moyo ulihitaji kutiwa. Katika waraka wa pili kwa Timotheo yuko kifungoni, Dema, mtenda kazi mwenzake, amemwacha, wengine wametawanyika, ni Luka peke yake aliye naye. Huyu ndiye aliyeandika habari za imani kuliko karibu wote, na anachoomba ni watu na vitu vya kawaida: Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi, alete lile joho lililobaki Troa kwa Karpo, na vitabu. Tena amchukue Marko aje naye, kwa maana anamfaa. Ni Marko yuleyule ambaye Barnaba alikataa kumwacha.