Flashi ijifungue yenyewe kwenye Linux bila nywila ya msimamizi

Kwenye mazingira kamili ya kazi kama GNOME au KDE ukichomeka flashi inajitokeza yenyewe. Hamia i3 au Openbox, ambazo husimamia madirisha tu, kimya. Wengi hapo hukimbilia sudo mount au mstari mpya ndani ya /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa. Zote mbili zinadai msimamizi, na mstari ulioandikwa /dev/sdb1 hauna kazi siku flashi ileile inapoitwa /dev/sdc1.

Kazi hii ni ya udisks2. Ni huduma yenye mamlaka ya msimamizi. Wewe unaiomba, nayo inaiuliza polkit, mwamuzi wa ruhusa, kama uruhusiwe. Kwa kifaa cha kuchomeka na kuchomoa jibu la kawaida ni ndiyo, mradi uwe umeketi mbele ya mashine na kikao chako kiwe hai. Diski ya ndani bado itataka nywila, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Jaribu kwa mkono kwanza. Amri ya kwanza inaonyesha jina la flashi yako; liweke mahali pa sdb1:

lsblk -f
udisksctl mount -b /dev/sdb1

Utaikuta chini ya /run/media/jina-lako, au /media/jina-lako ukiwa Debian na Ubuntu. Usitangulize sudo: flashi yenye mfumo wa faili wa FAT itafunguliwa kwa jina la root, yaani msimamizi, nawe utabaki nje ya faili zako.

Ikikubali, mwachie udiskie, programu inayoiomba udisks2 kwa niaba yako kila unapochomeka. Kwenye i3 andika ndani ya faili yake ya mipangilio:

exec --no-startup-id udiskie -s

Kwenye Openbox, weka udiskie -s & ndani ya ~/.config/openbox/autostart.

Ukipata "Not authorized", usianze kuhariri kanuni za polkit. Kagua kikao:

loginctl show-session $XDG_SESSION_ID -p Active -p Remote

Unataka Active=yes na Remote=no. Aliyeingia kwa mbali, kwa ssh, hukataliwa makusudi.

Flashi ya ext4, mfumo wa faili wa Linux, ina lake: hufunguka lakini haiandikiki, kwa sababu umiliki umehifadhiwa ndani ya diski yenyewe. Hapo msimamizi atahitajika mara moja tu, kwa chown, amri ya kubadili mmiliki. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ikikataa, mara nyingi Windows haikuzimwa kikamilifu. Irudishe flashi huko, kisha zima Windows kwa shutdown /s /t 0.

Kabla ya kuchomoa:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl power-off -b /dev/sdb

Ukiambiwa "target is busy", tafuta kwanza terminali uliyoiacha ndani ya folda hiyo. Usipoiona, fuser -vm pamoja na njia ya folda itakutajia programu inayoishikilia.