Kwa nini boga lililokaa mwezi mzima huwa tamu kuliko la leo?

Kwa miaka mingi ningekujibu kwamba swali lenyewe halina maana. Mboga ya leo inaishinda ya jana, na ya jana inaishinda ya juzi, basi. Siku moja nikapata maboga mawili ya mavuno ya mwisho kabla ya baridi. La kwanza nililipika siku lilipokatwa shambani, nikala kitu mfano wa unga uliolowa. La pili lilisahaulika chini ya kabati wiki sita hivi. Nilipolipika kwa kukosa kingine, nikauliza nani ametia sukari.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mboga ikishakatwa imekufa, na kilichobaki ni kuoza tu, mapema au baadaye. Kumbe boga, kiazi, karoti na kitunguu huendelea kupumua baada ya kuvunwa. Huvuta oksijeni, huunguza sukari kidogo kidogo, na hutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Ndiyo maana lundo kubwa la viazi lisilopitisha hewa hupata fukuto katikati.

Nadhani kinachotupotosha ni neno “mbichi”, maana tunalitumia kwa mchicha na kwa boga kana kwamba ni ndugu. Jani la mchicha ni jiko: likikatwa, moto umezimwa, na vitamini C yake huanza kupungua upesi. Kwa majani, basi, imani yangu ya zamani ilikuwa sahihi kabisa. Boga na kiazi ni ghala. Mmea umeweka humo akiba ya kula baadaye, na akiba hiyo ni wanga.

Wanga ni sukari iliyofungwa. Chukua shanga elfu za glukosi uzitunge kwenye uzi mmoja wenye matawi, huo ndio wanga. Ulimi hutambua utamu wa shanga moja au mbili, lakini uzi mzima ukipita juu yake hausikii chochote. Ndani ya mboga kuna vimeng'enya viitwavyo amilasi, navyo ni mikasi. Kadiri siku zinavyopita, mikasi hukata uzi kipandekipande, na shanga zilizoachiliwa zinaanza kuonjeka. Hakuna sukari iliyoongezwa kutoka nje. Ile iliyokuwamo tangu shambani imefunguliwa tu. Ukitaka kuiona mikasi ikifanya kazi, tafuna kipande cha mkate taratibu bila kukimeza. Baada ya muda kinaingia utamu, kwa sababu mate nayo yana amilasi.

Kiazi kitamu kina ziada yake. Kabla ya kuhifadhiwa huuguzwa kama mgonjwa: siku 4 hadi 7 kwenye joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na hewa yenye unyevu wa asilimia 85 hadi 90. Michubuko ya jembe huota ngozi mpya, ndipo kikahamishiwa penye nyuzi 13 hadi 15. Na mikasi yake hufanya kazi hata jikoni, wanga unapolainika, takriban kati ya nyuzi 60 na 75. Kwa hiyo kiazi kilichookwa polepole humshinda utamu mwenzake aliyepikwa harakaharaka.

Je, lishe nayo huongezeka? Hapa nakwenda pole. Baadhi ya maboga yameonekana kuongeza betakarotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza vitamini A, yakiwa ghalani. Lakini hutegemea aina na joto, na sehemu ya ongezeko ni hesabu tu: boga limepoteza maji, basi kila gramu inabeba zaidi. Vitamini C kwa kawaida hupungua.

Usiharakishe kutia kila kitu kwenye friji. Boga na kiazi kitamu asili yao ni sehemu zenye joto za Amerika, na hawajasahau. Chini ya nyuzi 10 hivi boga hupata madoa yaliyobonyea, halafu huoza. Kiazi kitamu kikipigwa na baridi kiini chake hubaki kigumu hata ukikichemsha mpaka maji yakauke. Karoti, mtoto wa baridi, hupenda nyuzi 0 na unyevu mwingi, ila isiwekwe karibu na matufaha: gesi ya ethilini inayotoka kwenye tunda huifanya chungu. Kiazi mviringo ndicho kichekesho. Kwenye baridi kali nacho hufungua shanga zake, na hapo utamu ni hasara, kwani ukikikaanga sukari hiyo huungua ikawa kahawia na huongeza akrilamidi, kemikali isiyotakiwa ambayo wanasayansi wa Sweden waliitangaza kuwamo kwenye vyakula mwaka 2002. Kwa kuchemsha hakuna tatizo hilo.

Utamu wa boga nao una kilele. Kwa kuwa linapumua, linakula sukari ileile lililoifungua, na baada ya miezi kadhaa nyama huwa nyuzinyuzi na kavu. Nilipasua moja nililolichelewesha hivyo. Mbegu zake zilikuwa zimeshachipua humo ndani, vijimizizi vyeupe vimejikunja gizani.