Elefantiasisi: jina la tembo, kazi ya mbu

Tanga bado utasikia kwamba mabusha na matende huletwa na madafu. Dafu halina kosa. Jina la kitaalamu la matende nalo halisaidii: e-le-fan-ti-a-si-si. Silabi saba, lakini vipande viwili tu vya Kigiriki: elephas, yaani tembo, na -iasis, hali ya ugonjwa. Basi jina linautazama mguu uliovimba na ngozi iliyokakamaa, likaishia hapo. Chanzo halikigusi kabisa. Chanzo ni minyoo myembamba kama nyuzi, inayoenezwa na mbu. Huharibu mishipa ya limfu, ile inayoondoa maji ya ziada mwilini, maji yakajaa mguuni au kwenye korodani. Dawa za ivermektini na albendazoli hulenga minyoo hiyo. Busha lenyewe hutibiwa kwa upasuaji.